Jina la mtoto si nguo ya kuvuliwa



Juma hili tunaanza na filimu. Wasichana wetu wanaiangalia kwenye simu, kwa Kifaransa, na inapita kutoka flashi moja hadi nyingine. Inaitwa Once Upon a Time. Ni ya Marekani, na ilianza kuonyeshwa huko Oktoba 2011. Wamama kadhaa wametuuliza: filimu hii ya uchawi tuikataze? Tulikaa tukaangalia sehemu yote ya kwanza. Jibu letu ni hili: uchawi umo, lakini jambo linalosimuliwa humo liliwahi kutendeka kweli katika nchi yetu, juu ya wamama Wakongomani na watoto wao, bila mchawi hata mmoja. Kabla ya kukataza au kuruhusu, tujue jambo hilo.

Mama asiyejua kwamba ni mama

Msichana mkubwa wa filimu ni Blanche-Neige, yule tunayemjua sote, wa kioo na tofaa la sumu. Safari hii malkia mbaya hamuui. Anamnyang'anya maisha yake na kumwandikia mengine. Blanche-Neige anajikuta katika mji mdogo wa Marekani uitwao Storybrooke. Jina lake sasa ni Mary Margaret, mwalimu wa shule ya watoto. Hana mume, hana mtoto, na hakumbuki kama aliwahi kuwa nao. Mume wake yuko hospitalini mji ule ule, amelala bila fahamu, mgonjwa asiye na jina. Binti yake, Emma, aliyefichwa mbali siku ile ile ya kuzaliwa, alilelewa na wageni, akakua akiamini kwamba wazazi wake walimtupa.

Miaka 28 inapita. Emma anafika katika mji ule na kupewa chumba kwa mwalimu huyo. Mama na binti wanaishi nyumba moja, wanazungumza jioni, wanashauriana kama marafiki, na hakuna anayejua kwamba mwenzake ni nani.

Angalieni vizuri, wamama. Blanche-Neige hakufungwa kamba. Hakuna askari mlangoni. Anakula, anafanya kazi, anasalimia majirani. Kifungo chake ni kwamba anayaona maisha yale kuwa yake. Mtu aliye gerezani anajua yuko gerezani, na anaweza kupanga kutoka. Huyu atatoka wapi, naye hajui kama ameingizwa?

Ni mtoto mmoja tu anayejua ukweli. Anaitwa Henry, ana miaka kumi. Alizaliwa na Emma, akalelewa na malkia yule yule aliyewaharibia. Henry ana kitabu ambamo hadithi za kweli za watu wa mji ule zimeandikwa. Anazunguka nacho, anawaambia watu, "Wewe si huyo unayejidhania." Wanamcheka.

Wasichana wa Katende

Sasa tutoke kwenye filimu, twende Kasai.

Wakati wa ukoloni, Wabelgiji waliogopa watoto ambao baba yao ni mzungu na mama yao ni mweusi, wale tunaowaita metisi. Utawala wao ulisimama juu ya mpaka kati ya mweupe na mweusi, na mtoto wa metisi alikuwa ushahidi wenye miguu kwamba mpaka ule ulivukwa. Kwa hiyo serikali iliamuru watoto hao watafutwe vijijini, waondolewe kwa mama zao, na wakalelewe katika misioni. Katika makaratasi walihesabiwa kama watoto walioachwa, ingawa mama zao walikuwa hai, na wengine walikuwa wanawanyonyesha juzi tu.

Kati yao kulikuwa wasichana watano ambao majina yao leo yanajulikana duniani: Léa Tavares Mujinga, Monique Bitu Bingi, Noëlle Verbeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi. Walichukuliwa kati ya mwaka 1948 na 1953, wakiwa wadogo sana. Wote walipelekwa Katende, katika misioni ya masista huko Kasai. Mama Monique ameeleza kwamba alikuwa na miaka minne, na kwamba jamaa yake ilitishwa: wasipomtoa mtoto, wao wenyewe wataadhibiwa. Fikirieni mjomba anayelazimika kumshika mkono mtoto wa dada yake na kumpeleka mbali, na dada amebaki nyuma.

Na huko mbali, maisha mapya yaliandikwa. Watoto wengi wa metisi walibadilishiwa jina. Tarehe ya kuzaliwa ilibadilishwa pia. Mahali pa jina la baba paliandikwa kwamba hajulikani, hata pale ambapo bwana huyo alijulikana na kila mtu. Wasichana wa Katende waliitwa watoto wa dhambi, kama vile kuzaliwa kwao kulikuwa kosa walilolitenda wao. Mtoto wa miaka minne akisikia hivyo kila siku, mwisho ataamini. Hapo ndipo malkia wa filimu na karani wa koloni wanapofanana. Wa kwanza alitumia moshi wa uchawi. Wa pili alitumia wino na muhuri, na wino ulidumu zaidi.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960 na vurugu zikafuata, masista waliondolewa. Wasichana waliachwa pale. Waliangukia mikononi mwa watu wenye silaha na kutendewa mabaya ambayo hatutayaandika hapa, kwa sababu karatasi hii inasomwa na watoto pia.

Miaka ilipita. Walikua, wakaolewa, wakazaa, wakapata wajukuu. Mateso ya makaratasi yaliwafuata watu wengi wa metisi hadi uzeeni: anayetaka kuoa au kupata uraia anaombwa cheti cha kuzaliwa, naye hana, au analo lenye jina ambalo si lake.

Tarehe 4 Aprili 2019, waziri mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, alisimama mbele ya bunge lao akaomba msamaha kwa watoto wa metisi na mama zao. Lakini msamaha wa mdomo haurudishi kitu. Mwaka 2020 mama hawa watano, wakiwa wameshapita miaka sabini au kuikaribia, waliishitaki serikali ya Ubelgiji. Mwaka 2021 walishindwa: tribinali ilisema kwamba wakati ule jambo hilo halikuhesabiwa kuwa kosa dhidi ya ubinadamu. Wakakata rufaa. Tarehe 2 Desemba 2024, korti ya rufaa ya Bruxelles iliwapa haki. Ilisema kwamba serikali ilikuwa na mpango wa kuwatafuta na kuwateka watoto hao kwa sababu tu ya asili yao, na kwamba huo ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kila mmoja alipewa fidia ya euro 50.000.

Sikieni fidia hiyo ililipiwa nini. Korti ilitaja kupoteza kiungo na mama. Ilitaja kuharibiwa kwa utambulisho wa mtoto, na kukatwa kwake kutoka mazingira alikotoka. Jambo ambalo kila mama hapa mtoni analijua bila kusoma sheria, majaji waliliandika katika hukumu. Wahenga walisema: uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Na kitu gani kiliwasaidia kushinda? Walitoa ushuhuda wao, na pamoja nao makaratasi ya serikali yenyewe: barua na maagizo ya wakuu wa koloni, yaliyotunzwa katika nyumba za kumbukumbu, yalionyesha kwamba mpango huo ulikuwepo. Hicho ndicho kitabu cha Henry. Aliyeuandika uongo aliacha pia alama za kweli, na wamama wazee walizitafuta mpaka wakazipata.

Hata mji wetu una jina la pili

Msidhani haya ni ya Kasai peke yake. Hapa tulipokaa, Lokandu, zamani za Waarabu na waungwana paliitwa Riba-Riba. Kutoka Maniema yetu, kutoka Nyangwe na Kasongo na vijiji vya porini, watu walichukuliwa katika misafara ya pembe na watumwa mpaka Ujiji, Tabora na pwani. Wanawake na watoto walikuwa wengi. Wakifika huko walipewa majina mapya, nguo mpya na lugha mpya. Awe msichana alitoka kabila lipi, kule waliitwa wote jina moja: Wamanyema. Mpaka leo kuna Wamanyema Ujiji na Kigoma, na hata Dar es Salaam, watu wenye heshima zao, na wengi wao hawawezi kukutajia kijiji cha bibi yao wa kwanza.

Lugha hii tunayoandikia ilitufikia kwa njia ile ile. Tunaipenda, ni lugha yetu sasa, tunalelea watoto nayo. Lakini tujue kwamba kwa bibi zetu wengine ilikuwa lugha ya maisha yaliyoandikwa upya.

Sasa tuingie ndani ya nyumba

Hapa, wamama, tunaomba msikasirike. Malkia wa filimu ni mbaya, karani wa koloni ni mbaya, na ni rahisi kuwanyoshea kidole. Lakini tujiulize sisi kwa sisi: katika nyumba zetu hakuna mtoto ambaye maisha yake tunayaandika upya?

Yuko mtoto wa dada aliyeletwa kwa shangazi akiwa mdogo. Anaambiwa mama yake amekufa, na mama yuko hai, anauza ndizi katika soko la mbali. Yuko mtoto ambaye mama yake ameolewa mara ya pili, na baba mpya amekataza jina la baba wa kwanza lisitajwe. Yuko mtoto aliyeokotwa wakati wa vita akiwa na miaka miwili au mitatu, akapewa jina la jamaa iliyomwokoa, na hakuna aliyemwambia kwamba alipatikana njiani. Yuko msichana aliyetolewa kijijini ili "asome mjini", na leo anaamka kabla ya wote, anachota maji, anatwanga sombe, anaosha nguo za watoto wanaokwenda shule, na jina lake hata haliitwi. Anaitwa "wewe".

Watatu wa kwanza wanapendwa. Tunajua. Mama anayemlea mtoto asiyemzaa anafanya kazi kubwa mbele ya Mungu na mbele ya watu, na chama chetu kinamheshimu. Uongo wake mara nyingi unatoka katika woga: "Nikimwambia ataumia. Nikimwambia ataniacha."

Turudi kidogo kwa Henry. Yule malkia, mama aliyemlea, alimpenda kweli. Alimlisha, alimvika, alimuuguza. Lakini alimficha ukweli, akamfanya mtoto ajione kama mgonjwa wa kichwa kwa sababu anauliza. Ndiyo maana Henry alitoroka kwenda kumtafuta Emma. Ukweli ulipotoka mwishowe, mtoto hakumtupa aliyemlea. Katika sehemu za baadaye ana mama wawili, na wote anawaita mama. Kilichomfukuza nyumbani ni uongo. Baada ya ukweli alirudi.

Hiyo ni filimu, mtasema. Lakini hata mtaani kwetu mtoto wa namna hii husikia ukweli siku moja. Ataambiwa na nani? Na jirani aliyekasirika kisimani. Na mtoto mwenzake shuleni. Na mjomba aliyelewa kwenye matanga. Atausikia kama tusi. Heri ausikie kwako, umeketi naye, sauti yako ikiwa ile ile unayomwimbia usiku.

Tuanzie wapi? Mtoto mdogo atosheke na maneno machache ya kweli: "Una mama aliyekuzaa, jina lake ni fulani, na una mimi ninayekulea." Akikua, mwongezee: kijiji, kabila, koko zake, sababu ya kuja kwako. Kama hadithi ina uchungu mkubwa, kama alizaliwa kwa nguvu za watu wenye silaha, si lazima umwambie yote leo. Unaweza kusema, "Hilo ni zito, nitakueleza ukiwa mkubwa," kisha ukatimiza. Kunyamaza kwa muda kunaweza kuwa huruma. Lakini kumwambia mtoto kwamba mama aliye hai amekufa ni kumzika mtu mara mbili: mama kwa mwanawe, na mwana kwa mama yake.

Na msichana yule anayeitwa "wewe", aitwe jina lake kuanzia leo. Aende shule pamoja na wengine. Mama yake kijijini alimtoa kwa ahadi.

Kalamu ile ile ishike ukweli

Kalamu ilitumika kuwaharibu wasichana wa Katende. Sisi tuitumie kuwalinda wa kwetu. Kuna mambo manne.

La kwanza, cheti cha kuzaliwa. Sheria ya jamaa ya nchi yetu inasema mtoto aandikishwe kwa afisa wa serikali anayeandika watu ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Baba au mama anaweza kwenda. Wasipokuwepo, ndugu au waliohudhuria uzazi. Mama asingoje mwanaume arudi kutoka machimbo. Tena wengi wanachanganya: karatasi unayopewa maternite si cheti cha kuzaliwa. Hiyo unaipeleka kwa afisa, naye ndiye anatoa cheti chenyewe. Siku 90 zikipita, itabidi kupitia tribinali, na huko kuna safari na gharama. Mtoto wa kwako ana miezi miwili? Usilale.

La pili, angalieni kilichoandikwa. Mwombe afisa akusomee kabla ya kutia sahihi: jina la mtoto, tarehe, kijiji, jina la mama, jina la baba. Herufi moja ikikosewa leo, mtoto atahangaika nayo miaka ishirini.

La tatu, daftari la jamaa. Nunua kayee moja ya shule. Andika majina ya koko wa pande zote mbili, vijiji vyao, nani alizaliwa wapi, nani alikwenda wapi wakati wa vita. Kwa mtoto unayemlea, andika kila unachojua: alikuja siku gani, nani alimleta, alikuwa amevaa nini, alikuwa akiita majina gani. Kama hujui kuandika, kikundini hakukosi binti wa sekondari wa kukuandikia. Ifunge katika plastiki, mvua za hapa tunazijua.

La nne, kwa waliopotezana na watoto au wazazi kwa sababu ya vita: Msalaba Mwekundu una kazi ya kutafuta ndugu na kupeleka ujumbe wa jamaa, na kazi hiyo hailipishwi. Akitokea mtu anayedai pesa kwa ajili ya kutafuta, huyo ni mwizi.

Nchi yetu iliukubali mkataba wa haki za mtoto tangu mwaka 1990. Mkataba huo unasema mtoto ana haki ya kupewa jina tangu kuzaliwa, na ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana. Kwa hiyo mtoto anapouliza "mimi ni wa nani?" hana adabu mbaya. Anadai kilicho chake.

Basi filimu ile, tuikataze? Sisi tunasema waacheni wasichana waiangalie, kisha kaeni nao mwulize: nani alimnyang'anya Blanche-Neige jina lake, na alifanyaje? Halafu wasimulieni habari za mama Monique, mama Léa, mama Noëlle, mama Simone na mama Marie-José. Wajue kwamba Wakongomani watano, wamama wazee, waliipeleka serikali kortini juu ya kutenganishwa na mama zao, na wakashinda.

Katika mikutano ya juma hili, kabla ya kuhesabu likelemba, kila kikundi kiulize wanachama: nani ana mtoto chini ya miezi mitatu asiye na cheti? Mpange siku moja mwende pamoja. Njia ya ofisi ni fupi wamama wakiwa wengi.

Mbaki na amani, na watoto wenu waitwe majina yao.